Kijiwe cha Brunnenstraße



Katika Berlin tulitembea kwa miguu, watu sita na kiongozi. Habari za makasri naziacha. Mimi, mzaliwa wa chini ya Uluguru, nilidhani sina ndugu mji ule. Mbele ya nyumba nambari 193 tuliinama kusoma kijiwe cha shaba kilichowekwa mwaka 2007: Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam 1904. Utotoni alikuwa askari wa Wadachi. Mwaka 1929 alifika huko, akadai mishahara ya vita, yake na ya baba yake; akanyimwa. (Makarani mwaijua habari hiyo!) Akawafundisha Kiswahili. Mwaka 1941 wakamfunga; akafa kambini Sachsenhausen, 1944. Kiongozi akaniomba nilitamke jina lake kwa matamshi ya kwetu. Nikalitamka.