Kabla ya Kupiga Windows Upya: Kompyuta ya Mezani Inayoganda Katikati ya Masasisho ya Majaribio

Mada kwa mafundi wa kompyuta na wenye vibanda vya intaneti, Bertrams, Johannesburg

Nimeombwa nizungumzie kompyuta za mezani zinazoganda wakati zinasakinisha masasisho ya majaribio ya Windows. Nianze na lile ninalolipinga. Mteja akileta mashine iliyokwama kwenye asilimia fulani, wengi wetu tunachomeka flashi, tunafuta diski na kupiga Windows upya. Kazi ya muda mfupi, pesa mkononi, mteja anakwenda zake. Baada ya siku chache anarudi na mashine ileile, imekwama palepale. Tulichokifuta siku ile ndicho ambacho kingetuambia ugonjwa uko wapi.

Na hicho si chote tulichokifuta. Tangu 2021 waomba hifadhi wengi nchini hapa wanahuisha vibali vyao kwa njia ya mtandao, na kwetu kazi hiyo inafanyikia vibandani: kuskani karatasi, kutuma barua pepe, kuchapa kibali kipya. Diski ya kibanda kimoja inaweza kuwa na vibali, vyeti vya kuzaliwa na CV za nusu ya mtaa. (Sheria ya kulinda taarifa za watu, POPIA, iliyoanza kusimamiwa kikamilifu Julai 2021, haipendi turundike karatasi za watu namna hiyo. Hilo lina mada yake, siku nyingine.) Kwa hiyo hatua ya kwanza haina mjadala: toa diski, ichomeke kwenye mashine nyingine iliyo nzima, au washa kwa Linux ya kwenye flashi, kisha nakili mafaili ya mteja. Diski inayougua isiombwe kufanya kazi nzito kabla haijatoa ilichobeba.

Sasa tuulizane, ni majaribio gani? Microsoft inatoa ya namna mbili na wateja wanayachanganya. Ya kwanza ni sasisho la hiari linalotoka mwishoni mwa mwezi. Lina marekebisho ambayo, yakienda vizuri, yataingia kwenye sasisho kuu la Jumanne ya pili ya mwezi unaofuata. Asiyelisakinisha hapotezi kitu isipokuwa wiki chache za kusubiri. Ya pili ni matoleo ya mpango wa Windows Insider, ulioanza Oktoba 2014 na toleo la majaribio la Windows 10. Hayo ni mfumo mzima mpya unaoingia juu ya ule wa zamani. Yanakula gigabaiti kadhaa za bando kila mara, na yana tarehe ya kufa: yasiposasishwa, siku moja yanagoma kabisa. Mteja anaposema "niliona apdeti nikabonyeza", ni lazima ujue alibonyeza ipi, maana hata kumbukumbu za hitilafu hazikai mahali pamoja.

Kwa nini mashine za mtaa huu ziwe na matoleo ya Insider hata kidogo? Jibu liko kwenye umri wake. Nyingi ni kompyuta zilizotoka maofisini, zikauzwa kama mtumba. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka TPM 2.0 na kwa upande wa Intel haitambui rasmi prosesa nyingi zilizotangulia kizazi cha nane. Kabla haijatoka, Microsoft iliruhusu baadhi ya mashine zisizofikia masharti kuionja kupitia Insider, na ujanja huo ukaenea kwa maneno ya mdomo. Halafu Oktoba 14, 2025, msaada wa kawaida wa Windows 10 ukafika mwisho. Watu wakaanza kutafuta mlango wowote ulio wazi. Siwalaumu; bei ya kompyuta mpya tunaijua. Lakini mashine inayomlisha mtu haifai kuwa ya majaribio, na fundi anayemwekea mteja wa fotokopi toleo la Insider bila kumwambia anamfanyia vibaya.

Tuingie kwenye ugonjwa wenyewe. Kwanza hakikisha mashine imeganda kweli. Yenye diski ya kuzunguka na RAM ndogo inaweza kukaa kwenye asilimia ileile zaidi ya saa nzima huku inafanya kazi. Tazama taa ya diski kwenye boksi. Sikiliza. Bonyeza Caps Lock: taa yake ikiitikia, kiini cha mfumo bado kinapumua, basi nenda kanywe chai. Taa ya diski ikiwa imelala muda mrefu na kibodi haijibu, hapo shikilia kitufe cha kuzimia. Mara nyingi kisakinishi chenyewe kitairudisha mashine kwenye toleo la zamani, na kitaacha maandishi.

Maandishi hayo ndiyo ninayoyatetea leo. Kwa matoleo ya Insider, tafuta folda iliyofichwa ya $WINDOWS.~BT ndani ya diski C. Ndani yake kuna Sources, na humo Panther, yenye mafaili setupact.log na setuperr.log. Kwa sasisho la hiari la mwezi, nenda Windows, Logs, CBS. Yanatisha kwa urefu, lakini anzia chini, ukitafuta mahali ambapo saa inaruka: mstari mmoja umeandikwa, halafu kimya cha dakika arobaini. Mstari wa mwisho kabla ya kimya unataja kile ambacho mashine ilikuwa inakishika.

Usakinishaji wa toleo zima una awamu nne. Ya kwanza Windows ya zamani bado inaendesha huku mafaili yananakiliwa. Ya pili mashine inawaka katika mfumo mdogo wa muda. Ya tatu toleo jipya linawaka kwa mara ya kwanza na kuanza kushika vifaa. Ya nne ni ya kumalizia mipangilio ya mtumiaji. Namba ya hitilafu inayoonekana baada ya mashine kurudi nyuma huwa na sehemu mbili, na ile ya pili inakutajia awamu. Ukiona 0xC1900101 ikifuatwa na 0x30018, ile 3 ni awamu ya tatu, na hapo mshukiwa wa kwanza ni draiva: ya kadi ya picha, ya Wi-Fi ya USB, ya printa ya zamani. Ikianza na 2, shuku zaidi vifaa vyenyewe na diski. Ikikwama awamu ya kwanza, angalia nafasi iliyobaki na antivairasi ya watu wengine.

Ndiyo maana tunasema chomoa kila kitu isipokuwa kibodi, mausi na skrini. Si ushirikina. Mei 2019 Microsoft yenyewe ilizuia toleo la 1903 la Windows 10 lisiingie kwenye mashine zenye diski ya nje ya USB au kadi ya kumbukumbu iliyochomekwa, kwa sababu herufi za diski zilikuwa zinabadilishana katikati ya kazi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya havilisemi vya kutosha: umeme wetu. Kusakinisha toleo zima ni kazi ambayo kompyuta ya kibandani huifanya kwa nadra sana, prosesa na diski vikikimbia pamoja kwa muda mrefu. Siku nyingine zote inaandika barua na kufungua barua pepe. Pawa saplai iliyochoka, yenye kapasita zilizovimba, inavumilia barua, sasisho hailivumilii. Ongeza hapo nyumba zetu zilizogawanywa vyumba, nyaya za upanuzi zikipita chini ya milango, na jioni ya Juni kila chumba kimewasha hita na jiko la umeme. Volti zinashuka, taa inafifia, na mashine iliyokuwa asilimia 60 inasimama. Mgao wa umeme, uliotutesa tangu 2008 na kufikia ubaya wake mkubwa 2023, ulisimamishwa Machi 26, 2024, na tangu hapo umerudi kwa vipindi vifupi tu. Lakini nyaya bado zinaibwa, radi za alasiri za kiangazi bado zinapiga, na tokeni, ile tunayoiita luku kwetu Tanzania, bado inaisha usiku wa manane mwenye mashine amelala.

Inveta za bei ya chini nazo zina lao. Nyingi hazitoi wimbi laini kama la ukutani, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hazilipendi wimbi lisilo laini: zinalia, zinazima, au zinajiwasha upya. Fungua Event Viewer utafute tukio namba 41 la Kernel-Power. Linasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Halisemi kwa nini. Likilingana na saa ambayo mtaa mzima ulikosa umeme, jibu unalo. Likija saa ambayo majirani walikuwa wanatazama televisheni, fungua boksi.

Na ukifungua, ondoa vumbi. Johannesburg iko takriban mita 1,750 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Feni ileile, kwa mwendo uleule, inaondoa joto kidogo zaidi huku. Waliotoka Bukavu wameshaizoea hali hii. Sisi wa pwani tunasahau. Weka na vumbi la Agosti linalotoka kwenye vilima vya taka za migodi, na gundi ya joto iliyokauka kati ya prosesa na chuma chake, utaelewa kwa nini mashine inaganda katikati ya kazi nzito na kuwa nzima ikipumzishwa.

Diski na RAM zina njia yake ya kuhojiwa. MemTest86 iachwe usiku kucha. Kwa diski, soma taarifa za SMART kwa CrystalDiskInfo. Namba 05 na C5 zikipanda, sehemu za diski zinakufa, badilisha. Lakini kuna C7, ambayo wengi hawaitazami. Hiyo inahesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na mazabodi, na njia hiyo ni waya.

Nimepata kuletewa mashine ya mama mmoja mwenye duka la fotokopi, iliyokuwa imepigwa Windows upya zaidi ya mara moja na kuwekewa SSD mpya juu yake. Bado iliganda kila sasisho kubwa lilipokuja. Event Viewer ilijaa tukio namba 129, yaani diski imechelewa kujibu ikabidi iamshwe. C7 ya SSD hiyo mpya ilikuwa tayari inapanda. Tulibadilisha waya wa SATA, kitu cha bei ya mkate na maziwa, na sasisho likapita. Mama yule alikuwa amelipia diski asiyoihitaji na kupoteza mafaili ya wateja wake.

Nisionekane kuitetea Microsoft. Zipo nyakati ambazo mashine haina kosa. Toleo la Windows 10 la Agosti 2016 lilizigandisha baadhi ya kompyuta zenye Windows kwenye SSD na programu kwenye diski ya pili. Kwenye hali salama, yaani Safe Mode, hazikuganda, na hilo ndilo lililoonyesha kwamba vifaa ni vizima. Toleo la Oktoba 2, 2018 lilifuta mafaili ya baadhi ya watu likasimamishwa siku chache baadaye, ilhali washiriki wa Insider walikuwa wameshalalamikia jambo hilo mapema bila kusikilizwa. Mwaka 2024, toleo la 24H2 la Windows 11 lilizipa SSD fulani za Western Digital, kama SN770 ya 2TB, RAM nyingi kuliko zilivyokuwa zikipewa zamani, na skrini za bluu zikafuata mpaka programu ya ndani ya diski iliposasishwa. Kwa hiyo umeme ukiwa sawa, joto sawa, SMART safi, RAM safi, na Safe Mode haigandi, acha kutesa vifaa. Ondoa sasisho, au rudi toleo la nyuma kabla siku 10 hazijapita, maana baada ya hapo Windows hufuta mafaili ya kurudia. Aliye kwenye chaneli ya Dev au Canary ya Insider akipitwa na muda huo, hapo ndipo kupiga Windows upya kunapokuwa halali, maana mara nyingi mlango mwingine wa kutokea hana.

Ombi langu kwa semina hii ni dogo. Tuwe na daftari la pamoja, hata kama ni kundi la WhatsApp: aina ya mazabodi, toleo lililokuwa likiingia, sehemu zote mbili za namba ya hitilafu, C7 ilisomeka ngapi, na umeme ulikuwa wa ukutani au wa inveta. Jina la mteja lisiandikwe. Na ada ya uchunguzi itajwe kwa mteja kabla boksi halijafunguliwa, iwe mbali na ada ya matengenezo, ili fundi aliyegundua waya mbovu asilipwe pungufu kuliko aliyefuta diski.