Msiba Tunauwahi, Je, Bili ya Umeme?

(Maneno ya kamati ya ustawi katika hafla yetu ya Uhuru, hapa Uingereza)



Tumepewa dakika kumi kabla ya ngoma. Habari za Desemba 1961 wazee waliotutangulia wamekwisha kuzieleza, tena vizuri kuliko tungeweza sisi. Tumeombwa tuzungumzie mfuko wa dharura, yaani fedha za kumsaidia mwenzetu wa hapa hapa mjini aliyekwama kwa wiki mbili tatu.

Tuanze kwa kujisifu kidogo. Akifariki mtu wetu, simu zinalia kabla mwili haujatoka hospitali. Fedha za kusafirisha jeneza hadi Dar es Salaam zinapatikana, na kwa ndugu zetu Waislamu wanaozika hapa hapa na mapema, za kaburi zinapatikana hata haraka zaidi. Hakuna anayeuliza kama marehemu alilipa ada ya chama.

Sasa tuseme tuliposhindwa. Miaka michache iliyopita, mwezi wa Januari, dada yetu mmoja anayehudumia wazee alianguka kwenye barafu akavunjika mkono. Kazi yake ilikuwa ya wakala: ukifanya zamu unalipwa, usipofanya hulipwi. Ana watoto wawili. Alimpigia simu mmoja wetu, na hakuomba makubwa: kodi ya wiki mbili na fedha ya umeme. Mita yao ni ya kulipia kabla, kama LUKU ya nyumbani. Ikiisha inakupa umeme kidogo wa kuazima, halafu ukiweka fedha inakata kwanza deni lake. Mwezi wa Januari, mnajua wenyewe baridi yake.

Tulimjibu kwamba ombi lake litafikishwa kwenye kikao cha kamati. Kikao kilikuwa baada ya siku kumi na saba. Na tulipokaa, tukaanza: mume yuko wapi? Si tulimwona harusini na gauni jipya? Mpaka tunakubaliana, alikwisha kukopa kwa mtu wa mtaani anayekopesha kwa riba, na deni lile alilimaliza mwaka uliofuata. Sherehe zetu aliacha kuja. Ametukubalia tuyaseme haya bila jina lake, na tunamshukuru, maana angeweza kukataa.

Wapo wanaosema, nchi hii ina serikali, sisi tuchange ya nini? Ni swali la haki. Lakini anayeomba Universal Credit kwa mara ya kwanza husubiri kama wiki tano kabla ya malipo. Akiomba atangulizwe, anapewa mkopo unaokatwa katika malipo yanayofuata. Zamani serikali kuu ilikuwa na mikopo ya dharura. Tangu Aprili 2013, kwa upande wa England, kazi hiyo imeachiwa halmashauri, na kila halmashauri ina utaratibu wake na fomu yake.

Halafu kuna wale, na humu ukumbini ni wengi, ambao viza zao zina sharti la kutotumia fedha za umma. Wanafanya kazi, kodi wanakatwa, lakini posho hizo haziwahusu, na hata msaada wa dharura wa halmashauri unahesabiwa humo. Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kujaza fomu yoyote ya halmashauri, uliza kwanza mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, si jirani. Ila mchango wa chama kama chetu si fedha za umma. Chakula cha benki ya chakula si fedha za umma. Tumekutana na mama aliyelala na njaa akiogopa kwamba mfuko wa mchele utamharibia viza. Hautamharibia. Na kwa wenye watoto, kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya 1989 kinairuhusu halmashauri kumsaidia mtoto mwenye shida hata kama viza ya mzazi ina sharti hilo. Hawatoi kirahisi. Nenda na mtu anayeijua sheria, na kamati itakusindikiza.

Mfuko wetu mpya hatukuuvumbua. Mama zetu wa vikoba wanao siku zote: pembeni ya hisa kuna mfuko wa jamii, kila mwanachama anatia kiasi kile kile kila kikao, na mwenzao akiugua wanafungua pale pale bila kugusa hisa. Sisi tumeongeza mambo mawili tu. Wanaamua watu wawili, mwanamke na mwanamume, ndani ya siku moja, bila kusubiri kikao. Na majina wanayajua hao wawili peke yao. Mweka hazina atasoma kiasi kilichotoka, basi.

Tulibishana sana kama iwe mkopo au zawadi. Mzee wetu mmoja alisema zawadi italemaza watu. Tunamheshimu, ila tumeona mdaiwa anavyovuka barabara akikuona dukani. Tukipoteza pauni mia mbili tutazichanga tena, lakini familia ikishatukimbia hatujui tutairudishaje. Kwa hiyo ni zawadi, isiyozidi pauni mia mbili, mara moja kwa mwaka, na mwenye uwezo baadaye atachangia kama sisi sote.

Ninyi watoto, tuna neno nanyi. Wengi wenu ndio mnaowasomea wazazi barua. Mkiona barua ya mwenye nyumba au ya umeme yenye maandishi mekundu, msiifiche kwenye droo ili mama asilie. Mpeni mama, kisha mwambieni kuna shangazi na mjomba wa kamati wa kupigiwa simu, hata usiku. Hilo si kumwaibisha.

Dada yetu yule, baada ya kusoma rasimu ya taratibu hizi, alisahihisha jambo moja. Tulikuwa tumeandika kwamba mwombaji alete taarifa ya benki ya miezi mitatu. Alituuliza, "Kwenye msiba mnaomba taarifa ya benki?" Tumeifuta.

Fomu za mchango ziko mezani karibu na mlango, pauni tano kwa mwezi au utakachojaliwa. Tunaomba mzijaze sasa, kabla ya pilau, maana baada ya pilau tunajuana.