Sindano ya Mishipa ya Miguu: Ulizeni Kabla ya Kuchomwa



Mmetuuliza mara nyingi juu ya sindano inayosemekana kufuta mishipa ya miguuni. Dawa yake, aghalabu polidokanoli au sodiamu tetradesili salfeti, huingizwa ndani ya vena. Huunguza utando wa ndani, kuta hushikamana, damu hupita kwingine, na mshipa husinyaa kwa majuma kadhaa, hata miezi. Kwa hiyo anayewaahidi miguu safi kabla ya harusi ya Jumamosi anauza maneno.

Nchini Marekani, polidokanoli iliidhinishwa mwaka 2010 kwa vijishipa visivyozidi milimita 1, vile vilivyotanda kama utando wa buibui, na kwa vena ndogo za milimita 1 hadi 3. Mshipa mnene uliojipinda ni jambo jingine. Huenda chanzo chake ni vali iliyolegea juu, kwenye kinena, na kuuchoma bila kwanza kupima mguu kwa altrasaundi ni kufyeka magugu na kuacha mizizi.

Linalotuhangaisha zaidi ni sindano zitolewazo saluni na majumbani. Dawa ikivujia nje ya mshipa, ngozi yaweza kufa na kuacha kidonda. Ikiingia kwenye ateri, madhara ni makubwa zaidi. Mzio mkali ni nadra, lakini unaweza kuua kwa dakika chache, na mchomaji asiye na adrenalini karibu hana la kufanya.

Ombeni kukiona kichupa kabla hakijafunguliwa: jina la dawa, mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kwisha muda. Asiyetaka kuwaonyesha, mwacheni. Mwelezeni daktari iwapo mliwahi kuganda damu mguuni au mna tundu moyoni. Mjamzito na asubiri. Mishipa mingi ya ujauzito hufifia yenyewe miezi michache baada ya kujifungua.

Baada ya sindano, vaeni soksi za kubana kwa muda atakaosema daktari, na mtembee. Michubuko na madoa ya kahawia ni ya kawaida. Lakini mguu ukivimba na kuuma, pumzi ikikatika, au uso ukipinda na ulimi kuwa mzito, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, pamoja na jina la dawa mliyochomwa. Kisha tuleteeni taarifa, hata kama mchomaji amewasihi mnyamaze.