Kuhesabu Pumzi za Mtoto



Wapendwa wasikilizaji, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, twasoma habari za mwanamke wa Shunemu. Mwanawe alikwenda shambani wakati wa mavuno, akalalamika kwamba kichwa chamwuma. Baba akaagiza achukuliwe kwa mama yake, na ilipofika adhuhuri mtoto akafa magotini pa mama. Mama yule akaomba punda ili amwendee nabii Elisha. Mumewe akashangaa: mbona aenda leo, nayo si siku ya mwezi mwandamo wala Sabato? Mama hakungoja sikukuu. Aliondoka saa ile ile, na mwisho wa safari yake pumzi ya mtoto ikarudi.

Sisi hatuna nabii wa kufufua watoto wetu. Kwa hiyo yatupasa kuondoka mapema zaidi kuliko mama yule, wakati pumzi ingalipo.

Nimonia, ambayo wengi wetu twaiita kichomi, huua watoto wa chini ya miaka mitano kuliko maambukizo mengine yote duniani. Katika mwaka 2019 pekee ilichukua watoto zaidi ya 700,000. Huku kwetu Mzumbe, na zaidi huko juu Mgeta na Nyandira, baridi ya Juni na Julai hutufanya tufunge milango na kukoka moto ndani. Mtoto hulala katika moshi, akaanza kukohoa, nasi twasema ni mafua tu. Mara nyingi ni mafua kweli. Lakini tutajuaje siku ambayo si mafua?

Mungu alipomwumba mtu alimpulizia pumzi ya uhai, na ni katika pumzi hiyo hiyo dalili huonekana. Mapafu yakiingiwa na ugonjwa hujaa maji na usaha, yakawa magumu. Ndipo mtoto hulazimika kupumua haraka ili apate hewa ya kumtosha. Basi mtoto akikohoa, mngojee atulie, asiwe analia wala kunyonya. Mfunue nguo, tazama tumbo na kifua, uhesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili kwa saa yenye mshale wa sekunde au kwa simu. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60, ni hatari. Wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Akifikisha hesabu hiyo, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Na kama sehemu ya chini ya kifua yabonyea ndani anapovuta pumzi, au ameshindwa kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea asiamke vizuri, hapo hata usihesabu: mkimbize hospitali. Vivyo hivyo kichanga wa chini ya miezi miwili akipumua kwa shida.

Maarifa haya yamekwisha kujaribiwa katika nchi yetu. Katika miaka ya 1980, huko Bagamoyo, wahudumu wa vijijini walifundishwa kuitambua nimonia na kuitibu, na vifo vya watoto vikapungua. Tangu mwaka 1997 Wilaya ya Morogoro Vijijini, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na eneo hili la Mvomero, ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kuwafundisha waganga wa zahanati kumpima mtoto kwa dalili zake zote kwa utaratibu mmoja, pumzi zikiwemo. Kufikia mwaka 2002, vifo vya watoto wadogo hapa na Rufiji vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kuliko katika wilaya jirani za Kilombero na Ulanga, ambako utaratibu huo ulikuwa haujaanza.

Tena wapo watoto wanaohitaji ulinzi hata kabla ya kukohoa. Huko Ulaya na Marekani, wale waliozaliwa na ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi, unaofanya makohozi kuwa mazito na kunata mapafuni, huitwa kliniki takribani kila miezi mitatu na kupimwa makohozi, hata wakionekana wazima. Kwetu, mtoto mwenye selimundu hupewa penisilini kila siku mpaka afikishe miaka mitano. Na watoto wote wana chanjo ya nimonia, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Ndugu wapendwa, kinachotuchelewesha ni nini? Mara nyingi mama ameona mapema, ila angoja ruhusa. Baba yuko shambani, mjomba hajaulizwa, nauli haipo. Mwingine ashauri mtoto akatwe kimeo kwanza. Kukata kimeo hakugusi mapafu. Humwaga damu ya mtoto na kupoteza siku ambayo dawa ingemponya. Tusimlaumu mama peke yake. Mume wa Shunemu aliuliza swali, lakini hakuzuia punda. Akina baba na wajomba, toeni ruhusa leo, kabla mtoto hajaugua, ili mama asiwe na wa kungoja usiku wa manane.

Nanyi makatekista, katika jumuiya ndogo ndogo wekeni akiba kidogo ya nauli ya mtoto mgonjwa, na mwafundishe wazazi kuhesabu pumzi. Ni somo la dakika moja. Na tusali, naam, tusali sana. Lakini tusali tukiwa njiani. Mama yule wa Shunemu hakupungukiwa imani kwa sababu alimhimiza punda. Haraka yake ndiyo ilikuwa sala yake.

Mungu aliyetupa pumzi atujalie macho ya kuiona inapobadilika, na miguu ya kuondoka mara. Amina.