Malazi ya Usiku Yasiyodai Ulevi Uachwe Kwanza

Wilaya ya Kicukiro jijini Kigali, Rwanda, ambamo sekta ya Kagarama imo, ina taasisi mbili zinazompokea kwa njia tofauti kabisa mtu asiye na makao aliyezoea kanyanga, yaani pombe kali ya magendo, au dawa za kulevya. Ya kwanza ni kituo cha muda cha Gikondo, ambako watu wanaokamatwa mitaani hushikiliwa kabla ya kuachiwa au kupelekwa kwenye vituo vya urekebishaji kama Iwawa, kisiwa cha Ziwa Kivu kilichoanza kupokea vijana mwaka 2010. Ya pili ni Icyizere, tawi la hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera, ambako mraibu hutibiwa kama mgonjwa.

Baina ya hizo mbili pana pengo. Amri ya waziri ya mwaka 2018 iliweka miezi miwili kuwa kikomo cha kukaa katika kituo cha muda, na ikahesabu kuomba, kuzurura na uchuuzi wa mitaani kuwa mienendo inayoweza kumfikisha mtu huko. Shirika la Human Rights Watch limeripoti mara kadhaa, tangu mwaka 2006, juu ya vipigo na msongamano Gikondo, na serikali imeyapinga madai hayo ikisema kwamba kazi ya kituo ni kurekebisha. Ubishi huo ukiwekwa kando, linabaki jambo lisilobishaniwa: anayefika pale hafiki kwa miguu yake.

Kinachokosekana ni malazi ya dharura yenye masharti machache, yaani nyumba inayofunguliwa jioni, isiyodai kitambulisho, isiyomtaka mtu awe ameacha ulevi ndipo apewe kitanda, na ambayo kanuni zake huhusu mwenendo wa ndani, kama vile kutopigana na kutouza dawa. Msingi wake ni wa kitabibu zaidi kuliko wa huruma, kwa kuwa mwili uliozoea pombe kali kwa miaka, ukinyimwa ghafla, unaweza kupatwa na degedege na hata kufa; hivyo sharti la kuacha kwanza humfungia nje yule aliye mgonjwa kuliko wote. Mjini Ottawa, nchini Kanada, makazi ya aina hii yalifika hadi kuwapa walevi sugu pombe kwa kipimo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu wakazi 17 (idadi ndogo, ni kweli) ulionyesha kwamba safari zao za hospitali na makabiliano yao na polisi vilipungua. Karibu zaidi na Kigali, hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam inatoa methadoni, dawa inayozuia arosto ya heroini (mateso ya kuikosa), tangu mwaka 2011, na watumiaji huifuata kila siku bila kushurutishwa na askari.

Wakazi wa Kagarama wanaweza kuhofia kwamba nyumba kama hiyo, ikifunguliwa kwao, itawavuta walevi wa jiji zima. Hofu hiyo haipaswi kubezwa, ndiyo maana nyumba kadhaa ndogo zingefaa kuliko moja kubwa. Kikwazo kigumu zaidi ni cha kiutawala: bima ya afya ya jamii, mituweli, huandikishwa kwa kaya, na mtu asiye na kaya hana pa kuandikiwa, hata pale muuguzi wa zamu ya usiku katika nyumba hiyo anapokuwa tayari kumpa rufaa ya kwenda Icyizere asubuhi.