Laptopu ya Kuunga: Tupime Kabla ya Kulipa

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu, na kuchapwa hapa kwa ombi la Kamati)

  

Katibu aliponiomba nizungumze juu ya kompyuta za shule nilimwuliza, kwa nini mimi? Mimi ni mhasibu, kompyuta natumia tu kama mnavyotumia ninyi. Akanijibu, "Kwa sababu ile vocha uliisaini wewe." Ni kweli niliisaini. Basi nianzie hapo kwenye vocha.

Miaka minne iliyopita tulichangishana katika ukumbi kama huu. Tukanunua laptopu 10 mpya kwa ajili ya shule yetu, kila moja Sh 600,000, jumla Sh 6,000,000. Risiti zilikuwepo, hesabu zilikaguliwa, zikapita bila swali. Mwezi wa tano mwaka huu nilikwenda shuleni, mwalimu akanifungulia kabati. Laptopu tatu zinawaka. Saba zimepangwa kwenye rafu, zimefutwa vumbi vizuri, zimekufa. Kwa lugha ya kazi yangu, Sh 4,200,000 za watu waliomo humu ndani zimelala kabatini. Vitabu vya chama vilikuwa safi. Hoja ya ukaguzi ilikuwa kwenye kabati.

Nilichukua mbili nikazipeleka kwa fundi Kariakoo. Alizifungua, akazitazama, akazifunga. Akaniambia, "Bosi wangu, hizi zimetengenezwa zitupwe." Nikamwomba anieleze. Akanionesha kwamba ndani yake RAM imechomewa kwenye mazabodi, na sehemu ya kuhifadhi mafaili, GB 64 tu, nayo imechomewa hapo hapo. Kikifa kimoja vimekufa vyote. Muuzaji hakutudanganya. Sisi ndio hatukuuliza swali la kuuliza: kikiharibika kitu kimoja, kinatoka?

Ndugu zangu, swali hili sisi tunalijua tangu zamani, ila tulilisahau tulipoingia dukani kwenye kiyoyozi. Nani kati yetu alinunua baiskeli bila kujua kwamba tairi linauzwa peke yake? Baiskeli ya kwanza ya marehemu baba ilikuja vipande vipande ndani ya boksi: fremu, ringi, spoki, mnyororo. Fundi akaiunga chini ya mwembe, sisi watoto tumemzunguka. Ikaja kubadilishwa tairi, pedeli, kiti, breki. Fremu ikabaki ile ile kwa miaka. Hakuna aliyesema baiskeli imekufa kwa sababu spoki imekatika.

Laptopu nayo inaweza kununuliwa kwa mtindo huo. Viwanda huuza fremu: bodi la nje, kioo, kibodi na mazabodi yenye prosesa yake, bila RAM, bila diski, bila programu. Kampuni ya Clevo ya Taiwan imejulikana kwa kazi hii kwa miaka mingi. Wauzaji wa nchi mbalimbali hununua fremu zake, wakazijaza na kuzipa majina yao. Mwaka 2021 kampuni ya Framework ya Marekani ilitoa laptopu ambayo mteja anaweza kuiagiza bila RAM na bila diski, akajaza mwenyewe mezani kwake. Hapa jirani, Kenya, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kule Juja kiliunganisha laptopu zilizoitwa Taifa. Kwa hiyo si ndoto za mhasibu.

Lakini niseme ukweli mapema: laptopu si sawa na kompyuta ya mezani. Kompyuta ya mezani ina vipimo vilivyokubaliwa, vinavyoitwa ATX, tangu mwaka 1995, ndiyo maana mazabodi ya kampuni moja hukaa ndani ya boksi la kampuni nyingine. Kwenye laptopu kila kampuni hukata mazabodi kwa umbo lake. Huwezi kuokota bodi hapa na mazabodi pale ukaviozesha. Na prosesa nyingi za Intel za laptopu, tangu kizazi cha 5 kilichofika madukani karibu na mwaka 2015, zimechomewa na hazitoki. Kinachotoka ni RAM, diski, kadi ya Wi-Fi, betri, feni, kibodi na kioo, na hivyo ndivyo vinavyoharibika au kupitwa mara kwa mara. Kwa hiyo kuunga laptopu kwetu sisi maana yake ni kutafuta fremu nzima ya mtumba, ya zile zilizotengenezwa kwa matumizi ya ofisi, na kuijaza vitu vizima.

Nilijaribu mwenyewe kwanza, kwa fedha yangu. Sikutaka kuja kuwaambia habari za kusikia. Niliunga moja mezani nyumbani na mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne. Hii ndiyo hesabu yake, na risiti ninazo:

Fremu ya mtumba, kioo na kibodi vizima: Sh 190,000.
RAM ya GB 8: Sh 60,000.
Diski ya SSD ya GB 256: Sh 75,000.
Betri mpya: Sh 70,000.
Chaja: Sh 25,000.
Jumla: Sh 420,000.

Duka hilo hilo lilikuwa linauza laptopu ya aina hiyo hiyo, imeshaungwa, kwa Sh 450,000. Nimeokoa Sh 30,000, nazo zimekwisha kwenye nauli na chipsi za mpwa. Asije mtu akawaambia kuunga ni rahisi kuliko kununua. Siku ya kwanza si rahisi. Faida inakuja siku kitu kinapoharibika, kwa sababu siku hiyo unalipa Sh 60,000 badala ya Sh 600,000.

Sasa kazi yenyewe ilivyokuwa. Unaondoa skrubu za chini na kuzipanga kwenye kisahani kwa mpangilio zilivyotoka, kwa maana hazilingani urefu. Kabla ya kugusa chochote unachomoa waya wa betri, na unashika chuma ili umeme mdogo wa mwilini ushuke. RAM ina pengo dogo kwenye meno yake, kwa hiyo haiingii upande usio wake, na ya DDR3 yenye pini 204 haiingii mahali pa DDR4 yenye pini 260. Unaiingiza imeinama, unaikandamiza mpaka vibanio vya pembeni vilie. SSD ya siku hizi ni kijiti cha upana wa milimita 22, mara nyingi urefu wa milimita 80, na skrubu moja tu inaishika. Feni unaipuliza vumbi, na juu ya prosesa unafuta dawa ya zamani ya kupitisha joto na kupaka mpya, kiasi cha punje ya mchele.

Tulimaliza saa 4 usiku. Nikabonyeza, taa ikawaka, kioo cheusi. Nikabonyeza tena, cheusi. Nilikaa kimya nikifikiria Sh 420,000. Mpwa akaniuliza, "Mjomba, hii RAM umesikia imelia?" Sikuwa nimesikia. Nilikuwa nimeogopa kuikandamiza. Tukaifungua upya, akaikandamiza yeye, ikalia, mashine ikawaka. Mimi nina shahada na miaka zaidi ya 15 kazini. Kosa alilijua mtoto wa kidato cha nne kwa sababu alikuwa anasikiliza. Usiku ule ndipo nilipobadili wazo langu. Nilikuwa nimekusudia kuja kuomba tununue mashine bora zaidi. Nimekuja kuomba tuwe na vijana wanaoweza kuzifungua.

Wenzangu wa fani yangu wanaijua habari hii. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa ajili ya hesabu. Mashine ilitoka nje na wataalamu nao walitoka nje. Mradi wa hesabu za Serikali ukaharibika kwa gharama kubwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku iliyokuja kulegezwa kidogo kidogo miaka ya baadaye. Serikali nzima iliunguzwa na kifaa ambacho wenyewe hawakuweza kukimiliki kwa maarifa. Sisi chama cha watu mia na kitu tusijione wa ajabu kuunguzwa na laptopu 10. Ila tusiunguzwe mara mbili.

Najua maswali yenu, na baadhi nimeshayasikia kwenye chai.

La kwanza, kwa nini tusinunue kompyuta za mezani, maadamu ndizo rahisi kuunga? Ni swali zuri. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, ya mezani inazima na kazi ya mtoto imepotea. Laptopu inaendelea kwa betri. Chaja yake ni wati 65 au chini, na jioni zote 12 zinaingia kwenye kabati moja lenye kufuli.

La pili, programu. Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka prosesa kuanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo fremu tutakazotafuta ni za kizazi cha 8 kwenda juu. Zilizo chini ya hapo, kama tukizipata kwa bei ya kutupwa, tutaweka Ubuntu, ambayo ipo tangu mwaka 2004 na ni ya bure. Jina lenyewe wazee wetu watalielewa: ni utu. Inakuja na LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia hesabu, na haituombi leseni.

La tatu, mtumba si takataka za wenzetu? Zinaweza kuwa. Ndiyo maana fremu haitalipiwa mpaka iwashwe mbele ya mnunuzi kwa RAM na diski tutakazokwenda nazo, kioo kitazamwe kona zote, na kila kitufe kibonyezwe. Betri ya zamani hatununui kabisa, na iliyovimba haikai shuleni hata siku moja, kwa sababu inaweza kuwaka moto.

Sasa ombi la Kamati. Laptopu 12, zote za aina moja. Nasisitiza aina moja, kwa sababu mbili zikifa, vitu vyake vinaponya nyingine, na chaja moja inatosha popote. Hizo ni Sh 5,040,000. Akiba ya RAM 4 ni Sh 240,000, SSD 4 ni Sh 300,000, betri 2 ni Sh 140,000. Bisibisi na vifaa vya kazi Sh 120,000. Fundi wa kukaa na vijana wetu, pamoja na nauli na chakula chao, Sh 660,000. Jumla kuu Sh 6,500,000. Tukijitokeza watu 130, ni Sh 50,000 kila mmoja.

Masharti nimeyaandika mwenyewe. Mashine zitaungwa Vigwaza, mbele ya wanafunzi, si huku mjini. Vijana wanne, wawili wa kike na wawili wa kiume, watafundishwa mpaka kila mmoja aweze kufungua na kufunga bila kuongozwa. Shuleni litakaa daftari: namba ya mashine, kilichoharibika, kilichobadilishwa, nani alibadilisha. Kila mkutano mkuu daftari hilo litasomwa hapa, kama zinavyosomwa hesabu za fedha. Na mimi niliyesaini vocha ya kwanza nimeshaweka Sh 200,000. Si hisani, ni deni langu.

Ndugu zangu, sisi kwetu kuna mizani. Malori ya kwenda Zambia, Kongo na Rwanda yanasimama Vigwaza kupimwa, na barabara ya kwenda bandari kavu ya Kwala inachepuka pale pale. Makontena yaliyojaa kompyuta za watu wengine yanapita mlangoni mwetu mchana na usiku. Watoto wetu wanayahesabu wakiwa wanauza mahindi ya kuchoma. Mimi naomba mmoja wao aweze kusema, mzigo ule naujua ndani una nini, na ukiharibika nautengeneza. Tumekaa na mizani miaka hii yote. Na sisi sasa tupime kabla ya kulipa.

Bahasha ziko kwa Mweka Hazina, na fomu ya ahadi imo mwishoni mwa kijitabu hiki. Risiti utapewa hapo hapo. Na atakayefika nyumbani mwakani, asiulize kama kompyuta zilinunuliwa. Aombe afunguliwe kabati.