K 40 M: Herufi Mbili, Njia Nne



Chukulieni mtu amesimama mlimani upande wa Kingerikiti, Ziwa Nyasa likiwa magharibi yake. Aona mtumbwi unazama, naye aandika uelekeo wake: K 40 M. Waokoaji waende wapi?

Majina kaskazini na kusini tumeyapata kwa pepo za bahari, kaskazi na kusi; mashariki na magharibi ni ya asili ya Kiarabu, nayo husimulia kuchomoza na kuchwa kwa jua. Lakini mawili huanza kwa K, na mawili kwa M. Ufupisho ule, basi, wabeba njia nne.

Uelekeo wa dira huanzia kaskazini au kusini, ukageukia mashariki au magharibi, usizidi nyuzi 90. Uelekeo halisi huanzia kaskazini halisi, ukafuata mwendo wa mishale ya saa, nao huandikwa kwa tarakimu tatu. Tukisharekebisha tofauti ya sumaku, kaskazini 40 mashariki ni 040. Kusini 40 mashariki ni 180 toa 40, yaani 140. Kusini 40 magharibi ni 180 jumlisha 40, yaani 220. Kaskazini 40 magharibi ni 360 toa 40, yaani 320. Njia mbili za kwanza zaishia nchi kavu.

Rai yangu ni hii: tufundishapo kwa Kiswahili, tuandike Kas., Kus., Mas. na Mag., ama tarakimu tatu. Ufupisho wa lugha nyingine hauigwi kwa kubadili herufi tu. Tukifanya hivyo, anayezama hatafikiwa.